Kompyuta Iliyodai Salamu

Mimi sina subira. Nalisema mapema ili asije mtu akanitetea. Nikipika maharage nafunua sufuria mara kumi kuangalia kama yameiva, na nikisimama kwenye foleni nawahesabu walio mbele yangu mpaka nawachukia bila kuwajua. Halafu kazi niliyoichagua, ya kuandika programu za kompyuta, ni kazi ya kusubiri kutwa nzima. Unasubiri mashine iwake, unasubiri mtandao urudi, unasubiri programu ianze upya kwa sababu umesahau nukta moja mahali fulani.

Nilikaa Dar es Salaam miaka mitano. Binti yangu nilimwacha kwa mama yangu, kijijini upande wa Kolandoto, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alikua akinijua kwa simu. Alipofika miaka sita alimwuliza bibi yake kama mimi nina miguu, maana kwenye simu alikuwa akiona kichwa na mabega tu. Mama alinisimulia akicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Wiki ile ile nikaanza kutafuta kazi karibu na nyumbani.

Nikaipata nje kidogo ya Isaka, kwenye yadi ndogo ya malori ya mtu binafsi. Mizigo inashuka kwenye treni, malori yanaichukua, na baada ya hapo ni magharibi: Rwanda, Burundi, Kongo, na mengine yanakata kwenda kwenye machimbo ya Geita na saruji na chokaa. Mwenye yadi alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, aliyezaliwa Kahama kwa wazazi waliotoka pwani na duka la nguo. Alirithi malori matatu kwa baba yake akayafanya mengi. Alinipa miezi mitatu ya majaribio.

"Nikiridhika, unabaki," aliniambia. "Nisiporidhika, mwanangu, nitarudi kwa mafundi wangu wa Dar, wanaonitengenezea kwa simu. Hakuna ugomvi."

Kwake hakukuwa na ugomvi. Kwangu ilikuwa na maana kwamba nikishindwa, mimi narudi Dar na mtoto anarudi kwa bibi yake. Nilikuwa nimeshamleta Isaka tayari, nimemwandikisha darasa la kwanza, tunakaa vyumba viwili vyenye ua wa mabati. Wiki za mwanzo alilala ameshika pindo la khanga yangu, na asubuhi nilikuwa nalichomoa taratibu kidole kimoja kimoja. Katika mambo yote hilo ndilo pekee nililolifanya bila haraka.

Kazini mambo hayakuanza vizuri. Kila lori linalotoka yadini lazima lipite kwenye mizani ya malori, ile ya chuma iliyolala chini kwenye lango. Uzito unaingia kwenye kompyuta ya mizani. Kila alfajiri kompyuta hiyo inatuma orodha ya malori ya siku kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa chini ya meza yangu, tuliyokuwa tukiiita seva, na seva ndiyo inayotoa hati za kutoka. Bila hati, lango halifunguki. Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa na mtu aliyekuwa na hasira na dunia. Ilikuwa ikikwama mara mbili tatu kwa siku, na kila ikikwama nilitakiwa kuingia kwenye seva, kushuka folda saba kwenda chini, kuisimamisha, kusoma ripoti ya makosa, kurekebisha, na kuiwasha tena. Amri zenyewe ndefu kama majina ya ukoo. Ukikosea herufi moja, unaanza upya.

Bosi alikuwa akipita mlangoni na kikombe chake cha kahawa, anasimama, anatazama.

"Mbona mwendo wa kinyonga?" aliniuliza siku moja.

Mimi! Kuambiwa kinyonga! Nilikaa na neno lile kifuani siku nzima kama kipande cha ugali kilichokwama. Kesho yake nilianza kulitengeneza dirisha langu jeusi.

Kwa asiyelijua, mtu wa kazi yangu hashindi anabofya vipicha kwa kipanya. Ana dirisha moja jeusi, linaitwa terminali, ambamo unaandika amri kwa maneno, unabonyeza kitufe, na mashine inatii. Dirisha hilo lina faili moja la kuanzia. Kila linapofunguliwa, kabla halijakuruhusu kuandika hata herufi moja, linasoma faili hilo kwanza na kutimiza kila lililoandikwa humo. Kwa hiyo ukiweka matakwa yako kwenye faili la kuanzia, dirisha linakuzoea. Wenzangu wengi hawaligusi kamwe. Wanaishi humo kama wapangaji wanaoogopa hata kupigilia msumari ukutani.

Mimi nilipigilia. Nilikuwa nafanya asubuhi nyumbani, kwenye kompyuta yangu ndogo, binti yangu akinywa uji mbele yangu. Kwanza nilizipa zile amri ndefu majina mafupi. Kuwasha programu ikawa "twende". Kuisimamisha, "tulia". Kwenda moja kwa moja kwenye folda ya mizani bila kushuka ngazi zote zile, "mz". Na ile amri ndefu kuliko zote, ya kusoma ripoti ya makosa na kunionyesha mistari ya mwisho tu, niliipa jina nililojivunia kuliko yote: "kulikoni". Programu ikikwama, naandika kulikoni, nayo inanieleza. Binti yangu, aliyekuwa akijifunza kusoma, aliipenda sana hiyo. Alikuwa akiiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, halafu anasubiri kompyuta iseme shida yake.

Halafu rangi. Nikiwa kwenye kompyuta yangu ndogo, mstari wa kuandikia ulikuwa kijani. Nikiingia kwenye seva unageuka mwekundu, nijue niko kwenye uwanja wa watu. Nikaligawa dirisha sehemu tatu: juu programu ninayoiandika, chini kushoto seva, chini kulia ripoti. Nikalifundisha likumbuke amri zote nilizowahi kuandika, niandike herufi mbili tu linimalizie. Kile kitufe cha herufi kubwa, ambacho tangu nizaliwe sijaona faida yake, nikakiachisha kazi na kukipa nyingine. Mwisho wa wiki ya pili, hitilafu iliyokuwa ikinila dakika ishirini nilikuwa naimaliza chai haijapoa. Kipanya kilikaa pembeni kikaota vumbi. Bosi alipita na kahawa yake, akasimama, akatazama, akapita bila neno, na kwa bosi yule hiyo ilikuwa sifa.

Nikalewa mwendo. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ili ufike kwenye chumba changu ilibidi upite mbele ya dirisha la mzee wa mizani. Alikuwa mtu wa karibu miaka sitini, Msukuma wa Ushetu, amevaa kofia ya sufu jua liwake mvua inyeshe, na ana daftari lake la mkono ambamo alikuwa akiandika tena kila kitu ambacho kompyuta imeshaandika, kwa sababu, alisema, daftari halikatiki umeme. Aliajiriwa na baba yake bosi kabla bosi mwenyewe hajaolewa. Hakuna dereva aliyepita pale bila kusimama. Mimi nilipita. Kichwani nilikuwa nimeshafika mezani, vidole vimeshaanza kuandika, na mdomo umefungwa. Sikuwa na dharau. Nilikuwa na haraka tu, ila ukiwa nje ya mtu huwezi kutofautisha.

Bosi aliniita.

"Kazi yako sasa inakwenda, siwezi kukudanganya," alisema. "Lakini mzee wangu analalamika. Anasema unapita kama treni ya mizigo isiyo na stesheni. Anasema wewe mtoto wa nani, mbona mtoto wa Kisukuma lakini humsalimii mtu."

"Nasahau tu, mama."

"Basi acha kusahau. Sikiliza. Miezi mitatu ikiisha, kuhusu kompyuta nitajiuliza mwenyewe. Kuhusu mtu, nitamwuliza yeye."

Nilitoka pale nimevimba. Nimekuja kuandika programu, au nimekuja kuposwa? Nikazunguka yadi nzima nikijisemea. Halafu nikaliona begi la shule la binti yangu nililokuwa nimeahidi kulipeleka kwa fundi zipu mchana ule, limening'inia kwenye kiti changu, nikanywea. Shida ilikuwa moja. Nilijijua. Kesho nitaahidi, na kesho kutwa nitasahau.

Nikalitatua kama nilivyokuwa nikitatua mengine yote. Nikafungua faili la kuanzia nikaongeza mistari michache. Tangu hapo, kila nilipofungua dirisha asubuhi, lilikuja swali:

Umeshamsalimia mzee wa mizani?

Jibu lililokubalika lilikuwa moja, ndiyo. Ukiandika kingine cho chote, linajibu: Haiwezekani. Salamu kwanza. Kisha linauliza tena, na tena, mpaka usalimu amri.

Siku ya kwanza niliandika "baadaye". Haiwezekani. Salamu kwanza. Nikaandika "nina kazi". Haiwezekani. Ningeweza kuidanganya, lakini mtu anayeidanganya mashine aliyoitengeneza mwenyewe ili imzuie kudanganya, huyo apelekwe hospitali. Nikainuka nikatoka hadi kwenye dirisha la mizani, uso umekunjamana.

"Shikamoo baba."

Aliinua macho kwenye daftari, akaniita mama kwa Kisukuma. "Marahaba mayu. Umeamkaje?"

Nilidhani hapo tumemaliza. Kumbe ndiyo tunaanza. Nimeamkaje, mtoto ameamkaje, shule inasemaje, mama yuko wapi, huo mguu nilioutaja ulianza kumwuma lini, mvua huko imefika, mahindi yamesimama au yamelala. Mimi nasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Naye anajibu yangu taratibu, kwa utimilifu, mpaka habari za ng'ombe wa mdogo wake nikawa nazijua kwa rangi. Niliporudi mezani niliandika ndiyo kwa nguvu mpaka kibodi ikaruka.

Lakini sikuacha. Na wiki zilivyokwenda niligundua jambo lililoniudhi kidogo: mzee yule alikuwa ananirahisishia kazi kuliko majina yangu yote mafupi. Kati ya habari za mguu na habari za mvua angesema, kama mtu anayepitisha tu, kwamba madereva wa Kongo wanachanganya namba ya tela na namba ya lori kwa sababu nafasi zake kwenye fomu zinafuatana. Siku nyingine, kwamba programu haikwami ovyo, inakwama kila malori mawili yanapopimwa moja nyuma ya jingine bila kupumzika. Nilikuwa nimeitafuta sababu hiyo mwezi mzima kwenye ripoti. Yeye alikuwa anaijua kabla sijazaliwa, hakuna aliyemwuliza. Nikazirekebisha zote mbili. Kukwama kukapungua hadi mara moja kwa wiki, na hiyo moja ni kosa la umeme.

Ikafika wiki ya mwisho ya majaribio. Jumatano jioni, nikiwa nimejaa furaha na majivuno, nikaamua seva nayo ipate raha ninazozipata. Mbona niingie humo kila siku na kukosa majina yangu mafupi? Nikachukua faili langu la kuanzia, lote lilivyo, nikalinakili kwenye seva. Nikajaribu twende, nikajaribu kulikoni, vyote vikaitika. Nikazima taa nikamfuata mtoto.

Nilichosahau ni kwamba kwenye seva siingii mimi peke yangu. Kila alfajiri kompyuta ya mizani ilikuwa inaingia humo yenyewe, bila mtu, kwa jina lile lile ninaloingilia mimi, kuleta orodha ya malori. Na alfajiri ile ilipobisha hodi, seva ikafanya ilichoamriwa na faili la kuanzia. Ikaiuliza: Umeshamsalimia mzee wa mizani?

Maskini kompyuta ya mizani haikufundishwa salamu. Ilifundishwa kusoma orodha tu. Ikasoma mstari wa kwanza: lori, saruji, tani thelathini. Haiwezekani, ikajibu seva. Salamu kwanza. Ikasoma wa pili: lori, mbolea, tani ishirini na nane. Haiwezekani. Salamu kwanza. Ikayamaliza yote, lori baada ya lori, na kila moja likarudishwa kwa kukosa adabu. Orodha ilipoisha kompyuta ya mizani ikanyamaza, haina tena la kusema, lakini seva haikuchoka. Ikaendelea kuuliza peke yake, swali lile lile, mstari juu ya mstari, mpaka kukapambazuka.

Saa moja asubuhi bosi alinipigia. Hakusalimia hata yeye. "Njoo. Hakuna hata hati moja."

Nilikuwa namfunga mtoto vifungo vya sare. Nikamkabidhi kwa jirani ampeleke shule, nikapanda bodaboda. Nilipofika, malori yalikuwa yamejipanga kuanzia langoni mpaka barabara kubwa, madereva wameshuka, wengine wanapiga mswaki, wengine wamekusanyika kwenye dirisha la mizani. Wanasoma kitu kwa sauti na kuangua kicheko. Nilisogea. Kwenye kioo cha kompyuta ya mzee, kutoka juu hadi chini, na bado inatiririka:

Umeshamsalimia mzee wa mizani? Umeshamsalimia mzee wa mizani? Umeshamsalimia mzee wa mizani?

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Shikamoo baba," nilisema.

Hakuitikia. Tangu nizaliwe sikuwahi kutoa shikamoo ikaanguka chini namna ile.

"Mimi nimekukosea nini," alisema taratibu, "mpaka unifanyie mzaha mbele ya watu?"

Hakutaka kusikia maelezo, na malori yalikuwa yanasubiri. Nikakimbilia mezani. Nikafungua dirisha langu, nalo, kwa utii wake, likaniuliza kama nimeshamsalimia mzee wa mizani. Vidole vilisimama. Nilimsalimia, ndiyo, lakini hakuitikia, na jibu la namna hiyo sikuwa nimeliwekea nafasi. Niliandika ndiyo huku machozi yakinilenga. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua dakika nne. Lazima niwe mkweli, yale majina mafupi yaliniokoa. Kulikoni ikanionyesha, tulia ikasimamisha, nikafuta mistari yangu kwenye seva, mz ikanipeleka kwenye orodha, nikaituma upya, twende. Hati zikaanza kutoka. Kama ningekuwa bado na mwendo wa kinyonga tungefika saa sita mchana.

Ningeweza kubaki chumbani. Bosi hakuniambia nitoke. Lakini hati zilipokuwa zinachapwa nilitoka nikaenda kusimama pale kwenye mizani, mbele ya madereva wote na mzee, nikasema kosa ni langu. Nikawaeleza lote: kwamba nina kichwa kibovu, kwamba nilikuwa napita bila kusalimia, kwamba niliifundisha kompyuta yangu inikatalie kazi mpaka nikamsalimie mzee, na kwamba jana nimeipeleka adabu hiyo mahali pasipo na watu, kompyuta zikadaiana salamu usiku kucha.

Walitazamana, wakamtazama mzee. Kisha dereva mmoja wa mzigo wa chokaa, aliyezoea machimbo ya Geita ambako shimo la dhahabu huitwa duara na likitoa mali husemwa limetema, akapiga kofi pajani. "Sasa hili duara lenu, dada, limetema salamu tupu!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata utingo wa lori la mbele alikuwa anajifuta machozi. Wakachukua hati zao, wakapanda, na kila aliyepita langoni alichungulia akapaza sauti, "Shikamoo mzee wa mizani!" Lango lilikuwa na shangwe kama harusi.

Mzee hakucheka. Lori la mwisho lilipotoka alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaikunja mikononi.

"Kwa hiyo wiki zote hizi," aliniuliza, "ulikuwa unakuja kwangu kwa sababu kompyuta imekutuma?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilikiona kitu usoni mwake ambacho ni mimi nilikiweka, na niliumia kuliko kama angenitukana.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Mwanzoni ndiyo."

"Na mwishoni?"

Ilibidi nifikiri. "Mwishoni nilikuwa nakuja kwako kwanza, ndiyo naenda kuifungua. Sijui ilianza siku gani. Nikiifungua nakuta nimeshakuja."

Mzee alivaa kofia akaingia chumbani kwake akafungua daftari. Nilipogeuka nikamkuta bosi nyuma yangu na kikombe chake. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Jumamosi ndiyo mwisho wa miezi yako," alisema. "Jibu utalichukua kwa mzee. Mimi langu nimeshampa."

Ijumaa nzima mzee hakuzungumza nami. Niliposalimia aliitikia marahaba, kavu, bila mguu wa mama wala mvua. Sikuwahi kufikiri nitazikumbuka zile habari za ng'ombe. Nyumbani niliacha kununua vitu vya kukaa. Nilipita dukani nikashika beseni jipya nikalirudisha. Binti yangu alinisomea aya nzima ya kitabu chake, ya kwanza maishani mwake, nami nikamsifia huku nikikadiria kichwani ni begi lipi litatosha nguo zake. Ijumaa hiyo jioni, nikitoka kazini, mzee alikuwa ameniita kupitia dirisha lake.

"Kesho njoo na mtoto."

Basi.

Jumamosi nikamvika gauni la kanisani. Sikumfundisha la kusema. Nilimwambia tu tunakwenda kumwona babu mmoja kazini. Tulipofika kwenye mlango wa chumba cha mizani mimi nikafungua mdomo nianze, lakini binti yangu alikuwa ameshaachia mkono wangu. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji, mikono pamoja, kama bibi yake alivyomlea.

"Mwangaluka, guku," alisema, ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa babu.

Mzee alinyanyuka kwenye kiti. Akamwitikia. Kisha wakaendelea wawili hao kwa Kisukuma, bila mimi: nyumbani kwema, bibi hajambo, mbuzi wamezaa, mvua ilikuja ikakimbia, yeye ni wa ukoo gani, babu wa babu yake alitoka wapi. Kila swali mtoto alilijibu na kulirudisha. Hakukosea hata moja. Nilisimama mlangoni nikitazama kitu nilichokinunua kwa miaka mitano ya kutokuwepo, na sikuhesabu dakika. Siwezi kusema ilichukua muda gani.

Walipomaliza, mzee alimshika mkono akamsimamisha katikati ya mizani ya malori. Mtoto akacheka, akarukaruka. Namba hazikusogea, mizani ya malori haimtambui mtu mwepesi namna ile. Mzee akanionyesha kwa kidole kwamba nami nipande. Nikapanda. Tulipokuwa wawili namba zikaamka.

Mzee ana swali moja analomwuliza kila dereva anayepimwa, kwa sababu lori linaloondoka linaandikiwa hati nyingine na linalolala yadini linaandikiwa nyingine. Alirudi dirishani kwake, akashika kalamu, na kwa sauti ile ile ya kazi akamwuliza mwanangu, kwa Kiswahili:

"Mnatoka au mnabaki?"

Mtoto akanitazama. Sikuwa nimeambiwa kitu, na nilikuwa nimeshaikunja nusu ya nguo zake. Alinisubiri kidogo, akaona mama yake hana jibu, akamgeukia mzee.

"Tunabaki," alisema.

Mzee aliandika kwenye daftari, akaandika na kwenye hati, akagonga muhuri, akampa mtoto aniletee. Ilisema: watu wawili, wanabaki. Nikakaa pale pale juu ya chuma cha mizani, mwanangu mapajani, nikalia bila haraka yo yote.